Noeli bila nguo: tusicheke mbio

Desemba ikifika, Bulaya baridi inakamata watu. Jua linazama mapema, kila mtu anajifunga makoti mawili. Na kumbe katika baridi ile kuko Wafaransa wanaopenda kufanya sikukuu za mwisho wa mwaka bila nguo hata moja. Wanaitwa wanaturisti. Wengi wetu tukisikia vile tunacheka, ao tunasema wazungu wamepata wazimu. Sisi tunasema: wandugu, tungoje kwanza, tuangalie.

Si mambo ya jana. Ku kisiwa cha Levant, kijiji chao Héliopolis kilianza mwaka 1931. Ku Montalivet, pembeni ya bahari, upande wa Bordeaux, kituo chao kilifunguliwa 1950, na shirikisho lao la Ufaransa ni la mwaka uleule. Wakati wa joto wanajaza pwani. Wakati wa baridi hakuna mtu wa kulala ku mchanga, njo maana wanaingia ndani: sauna, piscine ya maji ya moto, ao nyumba ya mwenzao. Mu Paris, piscine Roger-Le Gall inawapokea mangaribi za siku fulani. Na kuko kanuni: kila mtu anakuja na taulo lake la kukalia, picha hapana, macho ya tamaa hapana. Inje, sheria ya serikali inaazibu mtu anayejionyesha uchi kwa ubaya, kwa hiyo wanabaki fasi yao.

Wenyewe wanasema nini? Wanasema nguo ikivuliwa, cheo nacho kinaanguka. Huwezi kujua nani ni ingenieri, nani anafagia njia. Sikukuu inabaki na chakula, maneno na kicheko, bila kushindana kwa suti.

Mchimbaji anapashwa kuelewa neno lile kuliko mtu mwingine. Ku kaskazini ya Ufaransa, wachimbaji wa makaa walikuwa wanapandisha nguo zao ku plafon kwa mnyororo. Chumba kile wakakiita salle des pendus, ni kusema chumba cha walionyongwa. Kisha kazi walioga pamoja, mtu anamsugulia mwenzake mgongo, juu mkono wake mwenyewe haufiki kule. Shimo la mwisho la kule lilifungwa ku Oignies, tarehe 21 Desemba 1990, siku chache mbele ya Noeli. Hakuna aliyewaita watu wale wapumbavu. Na sisi, ku douche kisha poste, tunajua: maji hayaulizi matricule.

Tusikilizane vizuri. Hatusemi tuvue nguo. Kwetu, uchi mbele ya mkwe na watoto ni haya kubwa, na heshima ile tuitunze. Lakini neno lao linatugusa. Desemba kwetu ni mwezi wa nguo mpya. Baba anaenda ku banque Lambert, anakopa feza, deni linazaa deni, juu tu watoto wa jirani wasiwapite wake ku misa ya Noeli. Mama anataka kikwembe kama cha mwenzake wa ngambo ya njia. Januari inafika: nguo iko, unga hakuna. Mtoto anarudishwa nyumbani juu ya minerval, na viatu vipya mu miguu.

Nani alituambia kama Noeli ni mashindano? Mwaka huu, nguo ya zamani iliyofuliwa na kupigwa pasi inatosha. Baba asisukumwe kukopa, mama asione haya, na ku kanisa tumsalimie kwanza yule wa shati la kuchakaa. Wafaransa wale wanavua zote ili wawe sawa. Sisi tuache kununua ile moja ya deni, na gunia la unga liingie nyumbani mbele ya Bonane.