Medali Si Mshahara

Wandugu wafanyakazi, wengi wetu tumesikia habari za babu zetu wa Force Publique waliopiga vita Abisinia na kushinda Saio mwaka 1941. Leo tunawaletea habari za mwenzao wa mbali, Tommy Prince, mtu wa kabila la Ojibwe, jimbo la Manitoba, inchi ya Kanada. Alizaliwa mwaka 1915 Petersfield, mji mdogo wa nyanda za majani, akakulia Brokenhead, mahali Serikali ilipowatengea watu wake.

Mwezi wa pili 1944, huko Italia, alikaa peke yake katika nyumba mbele ya Wadachi, akipeleka habari kwa waya wa simu. Mizinga ikaukata waya. Prince akavaa nguo za mkulima, akashika jembe, akatoka mchana kweupe akijifanya analima. Alipofika penye waya akainama kama mtu anayefunga kamba za viatu, akauunga. Halafu akatikisia ngumi pande zote mbili, kama mkulima aliyechoka na vita vyao! Mwaka 1945 Mfalme George VI mwenyewe alimvika medali.

Basi, akarudi kwao. Sheria ya mashamba ya askari iliruhusu mkopo wa hata dola 6,000. Lakini mwenyeji aliyekaa mahali palipotengwa aliwekewa msaada usiopita dola 2,320, na feza hizo hazikutiwa mikononi mwake. Zilisimamiwa na wakubwa wa mambo ya wenyeji. Mzungu aliyelala naye katika handaki moja, nani alimsimamia?

Sisi makarani tunaandika siku za kazi za watu kila mwezi. Aliyefanya kazi, jina lake liko katika kitabu, analipwa. Hatujaona bado mahali pa kuandika medali.

Prince alikwenda Ottawa kuwasemea watu wake juu ya sheria hizo, na kazi yake ndogo ya usafi mjini Winnipeg ikaharibika nyuma yake. Mwaka 1950 akaingia tena jeshini, akaenda Korea. Wengine watashangaa. Sisi hapana: jeshini aliitwa sajini, nyumbani aliitwa mwenyeji tu.

Alikufa maskini Winnipeg mwaka 1977, medali zake zimekwisha kutoka mikononi mwake. Jamaa yake walizinunua tena katika mnada mwaka 2001. Mwaka uliofuata Serikali ya Kanada ikatangaza dola 20,000 kwa kila askari wa zamani wa namna hiyo aliyekuwa hai bado, ao mjane wake.