Si kila homa ni malaria: damu ya watoto wetu yataka bajeti

Mwezi uliopita dadangu alinipigia simu saa nane za usiku. Mwanawe wa miezi 14 alikuwa na homa kwa siku ya tatu. Siku ya kwanza alinunuliwa dawa ya malaria dukani bila kupimwa. Siku ya pili jirani alimgawia dawa ya maji ya antibayotiki, nusu chupa iliyobaki kwa mwanawe. Tulipomfikisha hospitali kabla ya alfajiri, mtoto alikuwa amelegea na hataki titi.

Daktari alisema huenda bakteria wameingia kwenye damu. Nikamwuliza ni bakteria gani. Akanijibu kwa upole: "Mzee wangu, hapa hatuna maabara ya kuotesha damu. Tunatibu kwa kukisia."

Alhamdulillahi, mtoto alipona. Lakini neno lile, kukisia, halijanitoka.

Linaniuma zaidi kwa sababu ulimwengu umejifunza mengi kuhusu ugonjwa huu kutoka hapa kwetu Pwani. Kati ya 1998 na 2002, watafiti wa Kilifi walichukua damu ya watoto zaidi ya 19,000 waliolazwa katika hospitali ya Kilifi na kuiotesha maabara. Matokeo yalichapishwa 2005: zaidi ya robo ya watoto waliofia hospitalini walikuwa na bakteria katika damu. Kati ya waliokufa wakiwa na bakteria hao, thuluthi moja walikufa siku ile ile waliyolazwa, na takriban 70 kati ya kila 100 walikufa ndani ya siku mbili.

Hesabu hiyo ina maana kwamba mtoto akichelewa nyumbani siku tatu, hospitali hubakiwa na saa chache tu.

Wazazi wengi tunadhani kwamba kipimo kikionyesha malaria, basi mambo yamekwisha. Utafiti mwingine wa Kilifi, wa 2011, ulionyesha kuwa malaria yenyewe hufungulia bakteria mlango. Malaria ilipopungua Kilifi, maambukizi ya damu nayo yalipungua. Kwa hivyo chandarua hakizuii ugonjwa mmoja tu. Watoto wenye selimundu, au sikoseli kama tulivyozoea kuita, wako hatarini zaidi. Huko huko Kilifi, uwezekano wao wa kupata bakteria katika damu ulionekana kuwa zaidi ya mara 20 ukilinganishwa na watoto wengine. Mtoto kama huyo akipata homa, asisubiri kuche.

Habari njema ni kwamba kinga ipo. Chanjo ya nyumokokasi, bakteria anayeleta nimonia, homa ya uti wa mgongo na maambukizi ya damu, ilianza kutolewa Kenya Januari 2011. Kilifi, maambukizi makali ya aina zinazolengwa na chanjo hiyo yalipungua kwa asilimia 92 miongoni mwa watoto wa chini ya miaka mitano.

Sasa tuulizane: nani analipia chanjo hiyo? Sehemu kubwa imetoka kwa shirika la kimataifa la Gavi, na Kenya imo safarini kuelekea kujilipia yote mwishoni mwa muongo huu. Juni 2025 Marekani ilitangaza kuacha kuichangia Gavi. Katikati ya mwaka huo huo, kina mama walirudishwa na watoto wao kwa sababu chanjo za kifua kikuu na polio zilikuwa zimeadimika. Hayo ni manyunyu. Masika yenyewe bado.

Chanjo ni jukumu la serikali kuu kununua, lakini hospitali zimekuwa mikononi mwa kaunti tangu 2013. Kuotesha damu si muujiza. Damu hutiwa katika chupa yenye chakula cha bakteria, huwekwa kwenye joto, na baada ya siku chache hujulikana ni bakteria gani na ni dawa ipi inayomuua. Matibabu hayasubiri majibu. Huanza mara moja. Lakini bila majibu, daktari hajui kama dawa anayotoa ingali na nguvu au imeshazoeleka na bakteria. Na nusu dozi tunazogawiana majirani ndizo zinazowazoesha. Tena mtoto akishapewa dawa hizo kabla ya damu kuchukuliwa, bakteria huweza kujificha wasionekane maabara.

Kwa hivyo lawama si ya serikali pekee. Sisi wazazi tuache kutibu homa kwa chupa ya jirani. Mtoto mwenye homa apimwe siku hiyo hiyo, na akikataa kunyonya, akilegea, akipumua kwa shida au akishikwa na degedege, akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo.

Ila kwenye vikao vya bajeti vya kaunti, mimi na wenzangu tumezoea kusimama kuomba barabara na basari. Kikao kijacho nitasimama kuuliza swali moja: hospitali yetu itapata lini maabara ya kuotesha damu, na fedha zake zimeandikwa ukurasa gani? Nawaomba nanyi muulize kwenu. Kilifi ilitupa elimu zaidi ya miaka 20 iliyopita. Haifai mtoto wa Pwani kuendelea kutibiwa kwa kukisia.