Ujira wa Halali na Ujira wa Haki

Mwezi Oktoba 2025 Serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara katika sekta binafsi kingepanda kutoka shilingi 275,060 hadi 358,322 kwa mwezi, kuanzia Januari 2026. Tuliipokea habari hiyo kwa shukrani. Lakini, ndugu wasomaji, shukrani haituzuii kupiga hesabu.

Tumchukue mfanyakazi wa Dar es Salaam alipwaye kiasi hicho kamili. Mchango wa hifadhi ya jamii wa asilimia 10 ni shilingi 35,832. Akibadili daladala mara moja kwenda na mara moja kurudi, kwa nauli ya shilingi 600 iliyopangwa Desemba 2023, siku 26 za kazi humgharimu shilingi 62,400. Hubaki takriban 260,000 kabla ya kodi ya mapato, na hapo hajala, hajalipia chumba, wala mtoto hajanunuliwa daftari. Mwenye nyumba naye hutaka kodi ya miezi 6 kwa mkupuo, ilhali mshahara huja kwa mwezi. Ndipo mtu huangukia mikopo ambayo wananchi huiita "kausha damu". Jina hilo hatuna la kuliongezea.

Isitoshe, namba hiyo si ya wote, kwa kuwa viwango hupangwa kisekta. Amri iliyoanza kutumika Januari 2023 ilimwekea mfanyakazi wa shambani shilingi 140,000, na mfanyakazi wa nyumbani alalaye kwa mwajiri wake 60,000. Husemwa kwamba huyu wa pili hula na kulala bure. Lakini mama yake aliyebaki kijijini hali katika meza hiyo, wala ada za wadogo zake hazilipwi kwa ugali wa tajiri.

Twajua wapo waajiri wanyonge. Mama lishe mwenye msaidizi mmoja hawezi kulinganishwa na kiwanda, na kumkemea kwa sauti ileile si haki. Mwenye uwezo ndiye tunayemlenga, yule ajitetezaye kwamba mfanyakazi alikubali mwenyewe. Papa Leo XIII aliijibu hoja hiyo mwaka 1891 katika waraka wake Rerum Novarum: makubaliano peke yake hayatoshi, maana mwenye njaa hukubali lolote; ujira sharti umtunze mfanyakazi mwenye maisha ya kiasi.

Kwa hiyo tunaomba maofisa kazi wavifikie viwanda, mashamba na nyumba za watu, wasingoje malalamiko ya waogopao kufukuzwa. Tunaomba pia kamati za fedha za parokia, shule na hospitali zetu zifungue orodha zao za mishahara kabla ya mwaka wa fedha ujao, zianze na mpishi, mlinzi na mfagizi, na ziulize kila mmoja wao hulipa kodi ya chumba kiasi gani.