NANI ATAPIMA BARABARA ZETU?



Tarehe 30 Juni 1960 inchi yetu ilipata uhuru bila injenieri Mkongo hata mmoja. Wakoloni walifundisha makarani, wauguzi na mafundi wa mikono. Karani aliandika tani za shaba zinazopakiwa katika treni, lakini kuchora daraja la kupitisha treni ile hakufundishwa.

Je, shida hiyo imekwisha? Mwaka 2008 serikali ilifanya mkataba na kampuni za China: wao wachimbe shaba na kobalti huko Kolwezi, sisi tujengewe barabara na hospitali; mwaka 2009 ahadi ya ujenzi ikawa dola bilioni 3. Februari 2023 wakaguzi wa fedha wa serikali walisema kazi zilizofanyika ni za dola milioni 822 tu. Mwaka 2024 mkataba ulisahihishwa, ahadi ikawa dola bilioni 7. Vema. Lakini sisi makarani wa migodi tunajua kwamba shaba hupimwa kwa mizani kabla ya kutoka. Barabara tunayolipwa, nani anaipima?

Aipime injenieri wa ujenzi. Yeye ndiye anayejua kama udongo umeshindiliwa, kama lami ina unene ulioandikwa, kama mifereji itatosha maji ya mvua. Tarehe 13 Desemba 2022 mvua ilikata barabara ya Kinshasa kwenda Matadi, pale Matadi-Kibala, na watu zaidi ya 100 walikufa mjini. Maji yasiyopewa njia hujitafutia yenyewe.

Wazazi wengi husema: mtoto asome sheria, aketi ofisini. Sheria ni nzuri. Lakini aliyesoma ujenzi anaweza kufanya kazi Office des Routes, Regideso, katika reli, katika mabwawa ya umeme, au kufungua kampuni yake. Institut National du Bâtiment et des Travaux Publics iko Kinshasa, na Chuo Kikuu cha Kinshasa kinafundisha pia. Mtoto anayependa hesabu, mvulana au msichana, apelekwe huko.

Tena diploma isilale sandukuni. Chama chetu kidai neno moja katika kila mkataba: barabara isipokelewe bila saini ya injenieri Mkongo aliyeipima mwenyewe. Bendera tulikwisha kuipandisha. Sasa tushike kamba ya kupimia.