Kenya: Ni nani anayelipia nyasi za nyumbu?

Wanyamapori wa Kenya hawaishi mbugani pekee. Inakadiriwa kuwa takriban asilimia 65 kati yao huishi nje ya hifadhi za serikali, katika malisho ya wafugaji na ardhi za watu binafsi. Kwa hiyo hatima ya tembo, simba na nyumbu wa nchi hiyo jirani haiamuliwi Nairobi tu. Huamuliwa pia na mwenye ardhi, siku anapochagua kujenga uzio au kuacha njia wazi.

Gharama ya uamuzi huo imekwisha kuonekana. Mwaka 2016, watafiti waliochambua hesabu za wanyama zilizofanywa kwa ndege walieleza kuwa wanyamapori katika nyanda za malisho za Kenya walikuwa wamepungua kwa wastani wa asilimia 68 tangu mwaka 1977. Katika nyanda za Loita, Kaunti ya Narok, nyumbu waliokuwa kiasi cha 119,000 mwaka 1977 walibaki takriban 22,000 miaka ishirini baadaye. Sababu kubwa haikuwa bunduki ya jangili bali jembe la trekta: sehemu kubwa ya ardhi waliyozalia ilikuwa imegeuzwa mashamba ya ngano.

Kisha zikagawanywa ranchi za pamoja, na kila mwanachama akapata hatimiliki yake. Mgawanyo huo ulimpa Mmaasai uhakika wa kumiliki, lakini uliikata nyika vipande vipande. Mwenye kipande aliweza kulima, kuuza au kuzungushia nyaya, na hakuna sheria iliyomlazimu kulisha nyumbu bure.

Jibu lililopatikana karibu na Hifadhi ya Maasai Mara ni la kibiashara. Wamiliki wa vipande vinavyopakana huviunganisha na kuvikodisha kwa kampuni za utalii kwa miaka 15 au zaidi. Ol Kinyei ilianza mwaka 2005, Olare Orok mwaka 2006, na Naboisho, yenye wamiliki zaidi ya 500, mwaka 2010. Kodi hulipwa kwa kila ekari na kupitia benki, wageni wawe wengi au wachache. Kwa upande wao, wamiliki huhamisha maboma, hawajengi uzio, na hulisha mifugo kwa mpango uliokubaliwa. Wageni nao wamewekewa kikomo: katika Olare Motorogi, kanuni ni hema moja kwa kila ekari 700.

Leo hifadhi za jamii za aina hiyo ni zaidi ya 20, karibu na Hifadhi ya Maasai Mara yenyewe, yenye kilomita za mraba 1,510. Simba wa eneo hilo ni miongoni mwa waliosongamana zaidi barani Afrika.

Hata hivyo, ubia huu una nyufa. Janga la korona lilipofunga viwanja vya ndege mwaka 2020, kambi zilibaki tupu na baadhi ya wabia wakapunguza kodi. Familia zilizokuwa zimeacha kulima zikajikuta zikitegemea chanzo kimoja kilichokauka. Aidha, malipo hufuata jina lililoandikwa kwenye hatimiliki, na mara nyingi jina hilo ni la mwanamume. Mke, mjane na kijana asiye na ardhi hubeba masharti ya malisho bila kugusa kodi.

Kaskazini mwa Kenya hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa sehemu kubwa ya ardhi huko humilikiwa na jamii kwa pamoja. Je, nani hutia sahihi kwa niaba ya wote? Januari 2025, Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Isiolo iliamua kuwa hifadhi mbili zilizohusishwa na shirika la Northern Rangelands Trust zilianzishwa kinyume cha sheria, bila wananchi kushirikishwa ipasavyo. Uamuzi huo haukusema kuwa uhifadhi ni kosa. Ulisema kuwa nia njema ya kumlinda mnyama haiwezi kuchukua nafasi ya ridhaa ya mwenye ardhi.

Hapo ndipo penye funzo kwa ukanda wetu. Uganda hutenga asilimia 20 ya ada za kuingilia hifadhini kwa ajili ya jamii zinazopakana nazo. Huo ni mgao wa serikali kwa jirani anayeumizwa na wanyama. Mfumo wa Mara unakwenda mbali zaidi: unamtambua mwananchi kuwa mwenye nyumba, na mhifadhi kuwa mpangaji. Lakini mwenye nyumba wa kweli huusoma mkataba kabla ya kutia sahihi, huyaona mahesabu, na ana haki ya kukataa. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Pale ambapo daftari liko wazi na kodi hufika, uzio hung'olewa kwa hiari. Pale ambapo haviko, nyaya zitarudi, na nyumbu atakuwa wa kwanza kuzigonga.