Msichome Meno ya Tembo Kabla ya Kuyasoma

Wanaotaka Tanzania iteketeze akiba yake ya meno ya tembo wamepaza sauti tena redioni, wakitutolea mfano wa Kenya, iliyochoma tani 105 katika Hifadhi ya Taifa ya Nairobi tarehe 30 Aprili 2016. Mfano huo ndio unaonikera. Kilichoungua Nairobi hakirudi, na sisi hatuna sababu ya kufuata.

Wana hoja zao. Ghala linahitaji ulinzi, meno huweza kuibwa, na moto, wanasema, humwonya jangili. Gharama naikubali. Upande wa pili wapo wanaotaka tuuze, kama tulivyoomba kwenye mkutano wa kimataifa wa biashara ya wanyamapori kule Doha mwaka 2010 tukiwa na karibu tani 90, tukakataliwa. Hao nao wanaona kilo na bei tu.

Ndani ya kila jino mna vinasaba, na vinasaba vya upande wa mama vina habari nzito zaidi. Tembo jike hukaa na kundi la mama yake maisha yote, kwa hiyo ukoo wa kike hubaki sehemu ileile kizazi hadi kizazi. Ukiujua ukoo, umekaribia kulijua pori.

Tumeona kazi hiyo ikifanyika. Meli ya Kireno Bom Jesus ilizama mwaka 1533 ikielekea India, ikapatikana mwaka 2008 pwani ya Namibia ikiwa na meno zaidi ya 100. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kwamba vinasaba vya meno hayo ni vya tembo wa misitu ya Afrika Magharibi, kutoka koo zisizopungua 17. Koo 4 tu kati ya hizo zimeonekana kwa tembo wanaoishi leo. Bila shehena ile nani angejua kwamba nyingine ziliwahi kuwepo?

Tugeukie kwetu. Misafara ya karne ya 19 ilishusha meno Bagamoyo, yakavuka Unguja, na mengi yakaishia Connecticut, Marekani, yakichongwa vibao vya piano. Piano hizo zingalipo. Vibao vyake vinaweza kutuambia wawindaji na wachukuzi wa zamani waliyatoa meno pori lipi, na ni pori lipi lilimalizwa kwanza. Lakini jibu hilo linahitaji kitu cha kulinganisha nacho.

Nitaambiwa kinyesi cha tembo kinatosha, kwani ndicho kilichomsaidia mtafiti Samuel Wasser na wenzake kuonyesha mwaka 2015 kwamba sehemu kubwa ya meno ya tembo wa nyika yaliyokamatwa ilitoka kusini mashariki mwa Tanzania na maeneo jirani ya Msumbiji. Kinyesi hutoka kwa aliye hai! Kati ya 2009 na 2014 tembo wetu walishuka kutoka 109,051 hadi 43,330. Ukoo uliofyekwa wote katika pori la Selous, huko kusini mashariki, hauna kinyesi cha kuokota. Ushahidi pekee kwamba uliishi unaweza kuwa jino lililonaswa. Vile vipande 706 vilivyokamatwa Novemba 2013 katika nyumba moja Mikocheni, hapa Kinondoni, mahakama ilivitumia kuhukumu watu. Mwanahistoria angevitumia kujua ni makundi gani yaliyokufa, na kama ni ndugu wa tembo ambao meno yao yalibebwa mabegani kwenda Bagamoyo. Vichomeni, na vibao vya piano vitakosa ndugu wa kuulizwa.

Mnaosema moto ni heshima kwa tembo, heshima gani hiyo ya kumuua mnyama mara ya pili, safari hii pamoja na asili yake? Mnatutaka tushangilie moshi na kuuita uhifadhi.

Sampuli ni kipande kidogo tu. Kila jino likatwe chake, kiwekwe pamoja na namba yake na mahali lilipookotwa au kukamatwa. Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali hupima vinasaba vya watu kila siku. Iunganishwe na taasisi ya utafiti wa wanyamapori, TAWIRI, Chuo Kikuu cha Sokoine na Makumbusho ya Taifa, wapewe fedha na muda. Hadi jino la mwisho litakapopimwa, asiguse mtu kiberiti.