Mshindi Huyu Hahitaji "Licha Ya"

Hivi majuzi nilikuwa katika shule moja karibu na Voi, nikiwakagua wanafunzi wangu wa ualimu walio mazoezini. Kipindi cha michezo kilipowadia, darasa zima lilikimbilia uwanjani isipokuwa msichana mmoja wa kiti cha magurudumu. Yeye alikabidhiwa sweta na viatu vya wenzake avilinde. Nilipouliza sababu, nilijibiwa kwa upole kwamba wanamhurumia, asije akaumia.

Nilimkumbuka Hellen Wawira Kariuki. Tarehe 4 Agosti 2022, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Birmingham, Mkenya huyu alitwaa nishani ya shaba katika unyanyuaji uzani wa wanamichezo wenye ulemavu, nyuma ya Waingereza wawili, Zoe Newson na Olivia Broome. Mwaka uliotangulia alikuwa Tokyo katika Michezo ya Paralimpiki. Mchezo wenyewe hauna huruma hata chembe. Mnyanyuaji hulala chali juu ya benchi, huteremsha chuma hadi kifuani, hukituliza pale pasipo kutikisika, kisha hukisukuma juu mpaka mikono yote miwili inyooke kwa pamoja. Mkono mmoja ukiutangulia mwingine, jaribio limeharibika. Waamuzi watatu wapo, macho yamewatoka.

Wanawake walifunguliwa mlango wa mchezo huu, katika Olimpiki na Paralimpiki pia, mwaka 2000 mjini Sydney. Kabla ya hapo uzani ulidhaniwa kuwa shughuli ya wanaume. (Aliyedhani hivyo hakuwahi kukutana na mama wa Kitaita akipanda kuelekea Wundanyi, mzigo wa kuni mgongoni.)

Sasa tazama tunavyomsimulia mshindi wa aina hii: "Licha ya ulemavu wake, ameshinda." Mimi ni mtu wa isimu, na sentensi hiyo hunikera. Washindani wote katika ukumbi ule walikuwa na ulemavu. Basi ulemavu hauwezi kueleza kwa nini huyu alipata nishani na yule akaikosa. Kilichowatenga ni nguvu, ufundi na mazoezi, mambo yale yale tunayoyataja bila kusita tunapowasifu wakimbiaji wetu. "Licha ya" humwondolea mwanamichezo kazi yake na kutuachia sisi mshangao.

Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inamhakikishia mtu mwenye ulemavu haki ya kutajwa kwa namna isiyomdhalilisha. Wengi hudhani yatosha kuliacha neno "kiwete". Haitoshi. Huruma nayo ina sarufi yake, na sarufi hiyo ndiyo iliyomketisha yule msichana kando ya rundo la viatu.

Walimu wa Voi, Mwatate na Taveta, mchezo huu hauhitaji uwanja wa mbio. Wahitaji benchi imara, chuma, vyuma vya kuongeza uzito, na mkufunzi anayejua kazi yake. Waziri wa michezo wa kaunti aombwe hivyo kwa barua, na barua hiyo isiandikwe kwa lugha ya sadaka.